Taa ya Sita ya Manek Gawlas

Tulimzika Manek Gawlas mwezi wa Februari, ardhi ikiwa imeganda hata wachimba kaburi wakalazimika kuleta mashine. Padri alisema maneno mazuri juu ya marehemu, fundi wa vinanda vya kanisa, mtu mpole, mume wa Hilda. Hakusema hata neno moja kwamba marehemu alikuwa mwanamuziki wa roki. Simlaumu, padri wetu ni kijana, hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Naitwa Achim Pyka, nami ndiye niliyekaa nyuma ya Manek na ngoma zangu kwa miaka saba, nikimwona mgongo tu.

Manek alizaliwa mwaka 1949 hapa hapa Lipiny, mtaa wa wachimba makaa kusini mwa Poland, kwenye nyumba zetu za matofali mekundu, ambako choo kilikuwa kwenye ngazi na kila mtu alijua jirani yake anapika nini. Baba yake, mzee Alojz, alichimba makaa miaka thelathini na moja, na siku za mapumziko alipuliza tarumbeta kubwa ya besi kwenye bendi ya mgodi. Mama yake alimpeleka Manek kwa mpiga kinanda wa parokia akiwa na miaka saba. Akiwa na miaka kumi na minane alishaweza kupiga misa nzima bila kuangalia karatasi, lakini masikio yake yalikuwa yamehamia kwenye redio, kwenye stesheni za mbali zilizokuja na kupotea, zikipiga magitaa.

"Nataka kusoma muziki," alimwambia baba yake.

"Soma umeme," mzee Alojz akamjibu. "Ukishakuwa na mshahara utapiga hata kengele za mbuzi, sitakuuliza."

Basi akasoma umeme, akaajiriwa mgodini, akawa anatengeneza mota na nyaya mita mia sita chini ya ardhi. Mwaka 1971 tukaanzisha bendi. Tuliiita Tabaka 510, jina la tabaka la makaa ambalo baba zetu wote walilichimba. Remek aliimba na kupiga gitaa, kaka yangu alipiga besi, mimi ngoma, na Manek kinanda.

Kinanda hicho alikitengeneza mwenyewe. Ukumbi wa utamaduni wa mgodi ulikuwa na kinanda kimoja cha Ujerumani Mashariki kilichoharibika bomba lilipopasuka, wakakiandikia kitupwe. Manek alikibeba kwa toroli la makaa, akakifumua chote, akatia ndani vipuri vya redio mbovu za mtaa mzima. Kilinguruma kama ng'ombe mwenye homa. Tena kikipata moto sauti yake ilipanda, ikipanda inabaki hukohuko, hivyo Remek alilazimika kuimba juu zaidi mwisho wa onyesho kuliko mwanzo.

"Siku moja kitanipasua koo hicho," Remek alilalamika.

"Fanya mazoezi," Manek alimwambia. "Kinanda changu kinafanya."

Meneja wa ukumbi alituruhusu kufanyia mazoezi pale kwa sharti moja, kila Jumamosi tupigie wachimbaji dansi. Tulipiga polka na waltzi saa tatu, kisha Manek anapenyeza kitu chake kimoja. Nyimbo zake zilikuwa ndefu. Zilibadilika mwendo katikati, zikasimama, zikageuka, zikaanza safari nyingine. Siku hizi vijana wana jina la muziki wa namna ile, wanauita roki ya kimaendeleo. Sisi tuliuita muziki wa Manek. Nakumbuka mchimbaji mmoja aliyenyanyua bia yake akapaza sauti kutoka katikati ya ukumbi: "Nyie! Nimeanza kucheza na mke wangu tukiwa vijana, wimbo haujaisha!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Manek naye alicheka, lakini hakupunguza kitu.

Kwenye dansi hizo ndiko alikompata Hilda. Alikuwa karani wa posta, mwenye maneno machache na makali. Kaka yake, Rufin, alikuwa mchimbaji na rafiki yetu, mtu wa kutubebea vyombo bila kuombwa na kutukosoa bila kuulizwa. Manek na Hilda walioana mwaka 1973. Rufin alicheza harusini hadi soli ya kiatu ikabanduka, akaifunga kwa waya aliopewa na bwana harusi, akaendelea.

Machi mwaka 1975 gesi ililipuka kwenye njia ya mashariki. Watu sita walikuwa wameshuka na timu ile. Watano walipandishwa, wameungua lakini wazima. Rufin hakupandishwa. Njia ilizibwa kwa ukuta ili moto usienee, yeye akiwa upande wa pili. Gazeti liliandika mistari minne, bila jina la mtu. Mama yake Rufin, Bi Waleska, alizika jeneza lenye nguo zake za Jumapili.

Manek alikuwa zamu siku hiyo. Ndiye aliyekwenda kwenye chumba cha taa, mahali tunapochukua taa tukishuka na kuzirudisha tukipanda, akaona ndoano moja tupu. Hakunisimulia zaidi ya hapo. Ila baada ya wiki alianza kuandika, na aliandika mwaka mzima na nusu. Kazi ilipokamilika ilikuwa na dakika ishirini na saba. Ilianza kwa lifti kushuka, ikapita zamu nzima, na mwishoni mwimbaji alihesabu taa: taa sita zimechukuliwa, taa tano zimerudi.

Wakati ule huwezi kuimba jukwaani neno lisilogongwa muhuri wa serikali. Mimi na Manek tulipeleka maneno ofisini Katowice, kwa mama mmoja mkaguzi, mwenye sweta la kijani na chai ya limau mezani. Alisoma kwa penseli, polepole, kama mwalimu.

"Taa sita zimechukuliwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Zimerudi tano."

"Ndiyo, mama."

"Ya sita iko wapi?"

Mimi nilitazama viatu vyangu. Manek akajibu bila kupepesa: "Iko kwa fundi, mama. Imekufa betri."

Yule mama aliweka penseli mezani. Nadhani alijua. Nadhani hata alitabasamu, ingawa siwezi kuapa. "Kijana," akasema, "mgodini kwetu taa zote hurudi. Andika sita, nikugongee uende zako."

Manek akachukua penseli ile ile, akaandika sita. Muhuri ukashuka. Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nimevimba kwa hasira.

"Umemuuza Rufin kwa muhuri," nikamwambia.

"Nyamaza wewe," akasema. "Na kunyamaza ndiko nitakakokufundisha."

Alichotaka kilikuwa hiki. Remek ataimba maneno yote kama yalivyogongwa muhuri. Atahesabu taa zinazorudi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akifika tano, wote tunakata kwa pamoja. Vipigo vinane vya kimya, tunahesabu kichwani, halafu tunarudi kumalizia. Hatutaongeza hata neno moja. Tutapunguza moja tu.

"Wakituuliza?" Remek akauliza.

"Umesahau. Wewe kila siku unasahau maneno, nani atashangaa?"

Onyesho lilipangwa tarehe nne Desemba 1976, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, sikukuu yetu sote tunaoishi kwa makaa. Saa kumi jioni ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Safu za mbele walikaa bendi ya mgodi na sare zao nyeusi na kofia za manyoya, mzee Alojz akiwa miongoni mwao na tarumbeta yake magotini, kwa sababu wao walishapiga kwanza. Wakubwa wa mgodi walikaa pembeni. Hilda, mjamzito wa miezi sita, alikuwa safu ya tano na mama yake. Hakuna aliyemwambia chochote. Manek alisema ni afadhali asijue, wakija kumuuliza ajibu kweli.

Tulipiga. Dakika ishirini za mwanzo watu walikuwa wastaarabu tu, kama mtu anayesubiri supu. Kisha Manek akashusha kinanda chini kabisa, akairudia ile sauti ya lifti ya mwanzo, na nikaona wanaume wakiacha kuegemea viti. Waliijua kwa matumbo yao. Remek akaanza kuhesabu. Taa moja imerudi. Taa mbili zimerudi. Alipofika tano, tukakata.

Nilikuwa na vijiti hewani. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne, Bi Waleska akasimama. Mwanamke mfupi, na mkoba wake mkononi, akasimama akasema kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aje kula:

"Rufin."

Sikuweza kushusha vijiti. Hakuna aliyeweza. Kutoka nyuma mwanamume mmoja akasema, "Teofil." Mwanamke mwingine, "Jorg. Jorg na Walter." Majina yakaanza kutoka kila kona, ya mwaka jana, ya kabla ya vita, mengine nilikuwa sijayasikia tangu utotoni. Mzee Alojz alisimama, akavua kofia yake ya manyoya, akamtaja baba yake. Bendi nzima ikasimama naye. Vile vipigo vinane vilichukua, nasema kweli, karibu dakika sita. Mkurugenzi mmoja alitoka nje. Mwingine alibaki, naye akavua kofia.

Kisha Manek, peke yake, akagusa kinanda, nasi tukamalizia.

Mlangoni mzee Alojz alimkuta mwanawe anakunja nyaya. Alikuwa hajawahi kumsifu kwa muziki hata siku moja. "Hicho kinanda chako," akasema, "sauti yake imepanda mno. Lakini pale mliponyamaza, mlinyamaza vizuri." Akajiwekea kofia, akaenda kunywa na wenzake.

Hilda hakuja mlangoni. Alikuwa ameshamchukua mama yake nyumbani.

Yaliyofuata yalikuja taratibu, kwa karatasi. Ukumbi ukawa na ukarabati usioisha. Santuri tuliyoahidiwa ikaahirishwa, kisha ikawa haijawahi kuahidiwa. Remek aliitwa kuhojiwa mara moja, akasema amesahau maneno, akaachwa. Manek alihamishwa kutoka umeme akapelekwa kusafisha mikanda ya makaa. Bi Waleska ndiye waliyemwita mara tatu. Walitaka kujua nani alimpanga apaze sauti.

"Nilimzaa mwenyewe," aliwajibu. "Nani anipange?"

Walimwachisha kazi yake ya usafi kwenye mabafu ya mgodi. Alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Baada ya hapo alikaa dirishani, akazidi kuwa mdogo.

Binti yao, Truda, alizaliwa Machi. Mwaka uliofuata Manek alipata kazi ya kupiga kinanda kwenye meli ya abiria inayokwenda Uswidi na kurudi. Alisema ni mwaka mmoja, hadi mambo yapoe. Ikawa miaka kumi na moja. Alipiga waltzi na nyimbo za mapenzi kwa Waswidi waliokuja kunywa kwa bei rahisi, amevaa koti la samawati lenye vifungo vya dhahabu. Aliniandikia kadi: "Achim, leo nimepiga wimbo wa dakika mbili na nusu mara nne. Niombee." Bi Waleska alipofariki mwaka 1980 alikuwa baharini, akapata habari siku mbili baada ya maziko. Jeshi liliposhika nchi mwaka uliofuata, hata simu zilikatika. Akirudi likizo Truda alimkimbilia mama yake jikoni kumwambia, "Mama, yule bwana ameamka."

Alirudi moja kwa moja mwaka 1989, na vidole vimeanza kukakamaa. Mgodi ulikuwa unapunguza watu, hakuna aliyehitaji fundi umeme wa miaka arobaini. Lakini makanisa yalikuwa na vinanda vya mabomba vilivyokaa bila matunzo tangu vita, na Manek alijua umeme, na alijua kinanda. Akaanza kuvitengeneza, kimoja kimoja, kijiji hadi kijiji.

Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anaingia ndani ya kinanda, katikati ya mabomba, anasahihisha sauti. Mwingine anakaa kwenye benchi, anashikilia noti moja hadi aambiwe aachie. Mara nyingi nilikwenda mimi. Siku moja ya Juni, kwenye kanisa la mbao karibu na Pszczyna, mgongo ulinikataa nikabaki chini kwenye viti, na Hilda, aliyekuja kwa ajili ya kununua cheri tu, akapanda juu badala yangu. Nilisikia kila kitu. Mbao hazifichi.

"Shika noti ya la," Manek akaita kutoka ndani.

"Nimeshika."

"Achia. Shika si."

"Manek."

"Usiachie."

"Sijaachia. Manek, hukuniuliza."

Noti ililia.

"Sikukuuliza nini?"

"Usinifanye mjinga. Alikuwa kaka yangu. Ulimweka kwenye wimbo, ukanikalisha safu ya tano na tumbo langu, na mama pembeni. Achim alijua. Remek, ambaye hajui hata siku ya kuzaliwa ya mama yake, alijua. Mimi nilijua pamoja na wauza tikiti."

"Nilitaka kukukinga."

"Walimwita mama mara tatu. Ulimkinga nani?"

Noti bado ilikuwa inalia, nami chini nimeshika kofia yangu sijui niiweke wapi. Manek alipojibu, sauti yake ilitoka imepasuka, nadhani kwa mabomba, au siyo mabomba.

"Nilijua ungekataa," akasema. "Ndiyo maana sikuuliza. Nilijua ungekataa, na mimi nilikuwa nimeshaupenda ule wimbo."

"Haya," Hilda akasema. "Miaka kumi na tano nimesubiri useme hivyo. Kidole kinaniuma. Niachie?"

"Achia."

"Tena mama hakujuta," Hilda akasema. "Ukweli ndio huo. Alisema siku ile ndipo alipomzika. Sikukwambia, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka niwe nayo. Nishike ipi sasa?"

"Do."

Waliendelea hadi saa nane. Walishuka na mikono imejaa masizi, wakala mkate na mafuta ya nguruwe na tango, wakabishana kuhusu cheri. Tangu siku hiyo mimi nilistaafishwa. Hilda ndiye aliyekwenda.

Mwaka 1995 fundi mitambo wa ukumbi alifariki, na wanawe wakakuta kwenye stoo yake mkanda wa onyesho letu, umeandikwa "Polka" kwa kalamu nyekundu. Kampuni ndogo ya vijana wawili wa Kraków ikaja hadi Lipiny kumwomba Manek ruhusa ya kuutoa. Walikuwa na nywele ndefu na heshima nyingi. Manek aliwamiminia kahawa, akawaambia: "Msiniulize mimi. Muulizeni huyu."

Hilda alikuwa anakanda unga wa maandazi ya viazi. Hakugeuka. "Jina la kaka yangu liandikwe kwa herufi kamili, Rufin Skowronek, na mwaka wake wa kuzaliwa. Na jina la mama. Picha zetu hapana. Na msinialike kwenye sherehe zenu."

Waliandika yote kama alivyosema. Zile dakika sita za majina waliziacha nzima. Santuri ile haikumtajirisha mtu, lakini barua zilikuja, za kutoka Norwei, Ajentina, na kwa mchimbaji mmoja mstaafu wa Wales ambaye hakujua neno la Kipolandi. Tukaalikwa kupiga tena, mara moja, kwenye ukumbi wa wanafunzi Gliwice. Remek alikuwa na kitambi na sauti imeshuka, mimi na mgongo wangu, Manek na vidole vitano vinavyomtii. Kabla ya kupanda aliniambia kwamba katikati ameongeza sehemu mpya, dakika nne hivi.

"Una wazimu," nikamwambia. "Kwa mikono hiyo?"

"Nimeiandika kwa mikono hiyo."

Ilikuwa sehemu ya polepole, noti chache ndefu, na ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Katikati yake niliinua macho nikamwona Hilda, ambaye hakualikwa na aliapa haji, kasimama nyuma karibu na mlango na koti lake mwilini, kama mtu aliyepita kuulizia saa.

Baada ya onyesho tulimkuta nje kwenye kituo cha tramu. Manek alimwendea akitokwa jasho, mikono ameifutika makwapani kwa maumivu, akasimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Haya, sema."

Hilda akamfunga skafu, akaikaza shingoni. "Ni ndefu," akasema.

Manek alicheka hadi akakaa kwenye benchi la kituo, na wanafunzi waliokuwa wanapita wakamtazama yule mzee, wasijue wamcheke au wamsaidie. Tramu ikaja, tukapanda wote watatu.